Muulize Shangazi: VJ wa kibandani, namba ya siri ya mama, na sauti za binti aliye Riyadh

Barua ya mwalimu wa Mbale imekaa mezani kwangu wiki tatu. Nimeijibu mara mbili nikachana karatasi. Leo naanza nayo, na ikila nafasi ya wenzake, wanivumilie.

"Shangazi, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbale, nina watoto watatu. Nyumbani tuna televisheni yenye intaneti, na filamu nawawekea kwa Kiingereza, maandishi yakipita chini, ili wajifunze. Lakini wakipata visenti tu wanakimbilia kibanda cha video cha jirani kuangalia filamu ileile iliyoko sebuleni kwangu, eti kwa sababu kule kuna VJ, yule msimulizi anayeieleza filamu kwa maikrofoni. Mimi naona VJ anaharibu filamu. Anafunika sauti za waigizaji, anabadilisha majina ya watu, anaongeza maneno ambayo hayamo. Niwakataze? Mwalimu, Mbale."

Mwalimu, usiwakataze. Nenda nao siku moja, lipa kiingilio chako, kaa benchi la nyuma, na badala ya kuangalia skrini mwangalie VJ.

Nimezaliwa na kukulia Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Miaka ya 1990 kibanda chetu kilikuwa nyuma ya maegesho ya malori: kuta za mafunjo, paa la mabati, mabenchi yenye misumari iliyochomoza, deki moja, televisheni iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma, na jenereta nje ikinguruma. VJ alikaa juu ya kreti ya soda kando ya skrini. Mkono wa kulia maikrofoni, wa kushoto kitufe cha sauti. Ule wa kushoto ndio uliokuwa fundi. Akitaka kusema alishusha sauti ya filamu. Ngumi ikikaribia kutua aliipandisha, tukaisikia ngumi, kisha akaishusha tena kutueleza imempata nani na kwa kosa gani. Ili aweze hivyo ilibidi awe ameiangalia kanda ile mara tatu au nne, peke yake, kabla hatujafika. Watu walidhani anabwabwaja tu. Mimi nilimwona mchana mmoja, mlango ukiwa wazi, akirudisha kanda nyuma mahali palepale mara sita, midomo ikichezacheza, akitafuta neno.

Alisimulia kwa Kiswahili kwa ajili ya madereva, waliokuja wakitokea Mombasa, Kigali na Kongo. Kampala wakati ule wengi walisikia Kiswahili wakakumbuka buti za askari. Kwetu Malaba kilikuwa lugha ya chai, mizigo na mapenzi.

Jioni moja mvua ilinyesha juu ya mabati mpaka yeye mwenyewe ikabidi apige kelele. Filamu ilikuwa ya Hong Kong. Kijana anarudi kijijini kwao baada ya miaka, anakuta mama yake amekwisha kuzikwa. VJ wetu, ambaye tangu mwanzo wa kanda hakuwa amefunga mdomo hata kwa dakika moja, alisema neno moja: "Amechelewa." Kisha akalaza maikrofoni mapajani, akapandisha sauti ya filamu hadi mwisho, na tukabaki na Kichina na mvua. Mbele yangu alikuwa amekaa dereva mmoja, siku ya tisa akisubiri karatasi zake za forodha. Akavua kofia.

Mwalimu, maandishi ya chini yangemwambia nini dereva yule? Wengi mle ndani hawakusoma Kiingereza, na wengine hawakusoma lugha yoyote. Lakini hata kwa wanaosoma, kama watoto wako, maandishi hutoa maana ya sentensi tu. Hayajui nani amekaa benchi la mbele. VJ anajua. Anajua kwamba leo wamejaa madereva na kesho ni siku ya soko, na filamu ileile huisimulia tofauti.

Wala si sisi tu tuliopenda hivi. Japani, enzi za filamu bubu, kila ukumbi ulikuwa na msimulizi wake aliyeitwa benshi, na watu walilipa kwa ajili ya benshi kama walivyolipa kwa ajili ya waigizaji. Filamu zenye sauti zilipoenea katika miaka ya 1930, kazi yao ikafa. Kenya kuna DJ Afro, na Tanzania alikuwepo Lufufu, ambaye msomaji wa Kiswahili wa umri wangu hahitaji kuelezwa ni nani. Kwetu Uganda majina kama VJ Jingo na VJ Junior huuza filamu kuliko jina la mwigizaji. Jambo linalonigusa ni hili: benshi alijaza ukimya, na sauti ilipokuja akaondoka. VJ wetu alizaliwa filamu zikiwa tayari zina sauti. Watu walikuwa na sauti ya filamu, na bado wakamtaka mtu.

Nikupe mfano wa Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala. Nabwana Isaac, aliyekuwa akiunda kompyuta zake mwenyewe kutokana na vipuri, alitengeneza huko filamu za mapigano kwa pesa kidogo sana, bunduki zikiwa za vyuma vilivyochomelewa karakanani. Filamu yake ya mwaka 2010 ndiyo iliyoifikisha Wakaliga duniani. Kompyuta haikuwa na nafasi ya kuhifadhi kila kitu, kwa hiyo mafaili ya awali yakafutwa ili apate kutengeneza nyingine. Kilichobaki ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Wazungu wanaoishangilia leo hawajapata kuiona bila VJ, kwa sababu bila VJ haipo tena. Na wao, ambao hawakuwahi kukaa kwenye benchi lenye misumari, wanampenda Emmie kuliko hata mapigano yenyewe.

Kuna mawili nakubaliana nawe, na nayasema kwa uchungu kwa kuwa naipenda kazi hii. Wako ma-VJ wanaowatukana wanawake filamu nzima, hata pale mwanamke wa kwenye skrini amepita tu na ndoo yake. Nimetoka kibandani mara mbili kwa sababu hiyo. Na filamu nyingi zinazosimuliwa, kisha kuuzwa kwenye diski na flashi, wenyewe hawajaombwa ruhusa wala kulipwa. Tuna sheria ya hakimiliki tangu mwaka 2006. Fundi anayelalamika kwamba usimulizi wake unaibwa na VJ mwingine, basi na yeye amkumbuke aliyepiga picha.

Kuhusu Kiingereza chao, fanya hivi. Wakirudi kutoka kibandani, wawekee filamu ileile sebuleni na uwaulize: VJ ameongeza wapi? Ameruka wapi? Jina gani alilibadilisha, na kwa nini? Kisha zima sauti, umpe yule mdogo kijiko awe na maikrofoni, asimulie. Utasikia mtoto anayeelewa hadithi, na utajua ni sentensi zipi za Kiingereza hazijamwingia, kwa sababu hapo ndipo atakapobabaika. Niandikie matokeo.

"Shangazi, mama yangu ana miaka 71 na anaishi kijijini nje ya Busia. Namtumia pesa kwa simu kila mwezi. Juzi nimeona namba yake ya siri imeandikwa kwa kalamu nyuma ya simu, na wakala ndiye anayembonyezea kila kitu. Nilipomkanya alikasirika, akasema namtukana wakala, ambaye kwa miaka hajamla hata shilingi. Kijana wa Busia, sasa Kampala."

Mwanangu, mama yako hajakosea kumwamini wakala. Mengine tutayarekebisha, lakini hilo usilivunje.

Mimi mwenyewe nimekuwa wakala, na kabla ya uwakala nilikuwa mtu wa simu ya kijiji. Mwaka 2003 kampuni ya simu ya MTN walianzisha mpango wa simu za vijijini pamoja na shirika la Grameen: mtu, mara nyingi mwanamke, anachukua mkopo, anapata simu yenye antena, anauza dakika. Mimi niliingia mwaka uliofuata, nje ya Tororo. Antena juu ya mwanzi, betri ya gari chini ya meza, saa ya mkononi ya kuhesabia dakika. Wengi walikuwa hawajawahi kushika simu. Niliwapigia namba, nikaweka simu sikioni mwao, na kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine, nilijifunza kugeuza mgongo. Nilisikia vifo, mimba, madeni, na sikumwambia mtu. Kazi ilikuwa hiyo, na ile ya kubonyeza namba ilikuwa nyongeza tu.

Pesa za simu zilipoanza hapa Machi 2009, wateja wangu hawakuiamini mashine. Walimwamini mtu waliyemzoea, ndiye akawavusha. Mwaka 2018, kodi ya asilimia moja ilipowekwa juu ya miamala kuanzia Julai, niliona wateja wakirudi kutuma bahasha kwa kondakta wa basi. Baadaye kodi ikapunguzwa hadi asilimia 0.5 na kubaki kwenye kutoa pesa tu. Wengi walirudi kwa wakala wao yuleyule, kwa sababu anajua jina la mtoto na anajua ni wa pili au wa tatu.

Sasa namba ya siri. Usimwambie mama kwamba wakala ni mwizi. Mwambie hivi: wakala akiijua namba yako, siku simu ikiibwa au pesa ikipotea, yeye ndiye wa kwanza kushukiwa. Tunamficha namba ili tumlinde. Nimeitumia kauli hii kwa bibi wengi na haijawahi kukataliwa, kwa sababu ni kweli. Kisha badilisheni namba, wewe na yeye, wakala asiwepo. Mwaka wa kuzaliwa usiutumie, umeandikwa kwenye kitambulisho. Bibi mmoja wa Tororo alitumia idadi ya watoto wa kila dada yake, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Hakuisahau kamwe, na hakuna mgeni aliyeweza kuikisia. Kisha mfundishe kwa kidole, si kwa kichwa: aibonyeze mara ishirini simu ikiwa imezimwa, mpaka kidole kijue njia. Wakala ataendelea kumfungulia menyu na kumsomea. Ikifika kwenye namba ya siri, ampe simu na ageuze mgongo. Futa ile ya kalamu kwa spiriti.

Umwonye pia juu ya ujumbe wa "nimekutumia kwa makosa, nirudishie". Mimi nilipigwa hivyo mwaka 2014, nikiwa wakala mwenye uzoefu. Ujumbe ulikuja umeandikwa sawasawa na ule wa kampuni, kisha mtu akapiga analia, mtoto wake yuko hospitali. Nikatuma shilingi 180,000. Ujumbe ule ulikuwa umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, na salio langu lilikuwa halijaongezeka hata shilingi. Nililalamika katika kituo cha huduma, nikaambiwa nisubiri kupigiwa, na sijapigiwa hadi leo. Basi mama asirudishe chochote kabla hajaangalia salio lake kwenye menyu, *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel. Na anayelia kwenye simu aambiwe aende kwa wakala. Mwenye shida ya kweli ataenda.

"Shangazi, kijana wetu anaenda kujitambulisha ukweni, kwanjula ni mwezi ujao. Anataka akili mnemba ya kwenye simu iandike maneno yote ya msemaji wetu, tuokoe pesa za kumlipa. Wazee wamegawanyika. Mjomba, Mukono."

Mlipeni msemaji. Maneno ya kwanjula si hotuba. Msemaji wa upande wa bibi harusi atawauliza mmepotea njia au mmekuja kuomba maji, atawakana, atawatoza faini kwa kuchelewa dakika kumi, atasema binti mnayemtaka hayupo, na ladha ya siku nzima iko katika jinsi msemaji wenu anavyojibu jambo ambalo hakulitazamia. Karatasi, iwe imeandikwa na mashine au na profesa, itakwisha maneno kwenye swali la pili. Programu hiyo ipeni kazi ya orodha: gomesi, yale magauni ya heshima ya wanawake, ngapi, kanzu ngapi, sukari, na jogoo wa muko, shemeji yenu. Jogoo huyo akisahauliwa hakuna maneno yatakayowaokoa.

"Shangazi, nakuandikia kwa niaba ya bibi yangu wa Iganga, ambaye hasomi. Mama yangu anafanya kazi za ndani Riyadh, huu ni mwaka wa tatu. Kila Ijumaa anamtumia bibi sauti kwenye WhatsApp, nyingine dakika nane. Bibi anazisikiliza wiki nzima. Simu sasa imejaa, inasema haina nafasi, na fundi amesema tufute yote. Bibi analia. Mjukuu, Iganga."

Mjukuu, mwambie bibi anyamaze kulia. Kitu kikubwa ndani ya simu hiyo si sauti za mama yako. Sauti ya dakika nane ni ndogo kuliko video moja fupi ya kuchekesha. Kinachokula nafasi ni video na picha za makundi: ya kanisa, ya ukoo, ya mazishi. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kisha ya kusimamia hifadhi. Utaona orodha, kubwa zikiwa juu. Futa video hizo za makundi moja baada ya nyingine. Usifute mazungumzo ya mama yako, hata kama jina lake liko kwenye orodha, kwa sababu ukifuta mazungumzo sauti nazo zinaweza kuondoka. Kisha zima kule kupakua kunakojifanya kwenyewe, ili video zisiingie bila kuombwa.

Simu ikipata pumzi, nakili sauti. Kama ni ya Android, fungua programu ya mafaili, tafuta folda ya WhatsApp, ndani yake iko inayoitwa WhatsApp Voice Notes, na ndani ya hiyo vifolda vyenye namba za mwaka na wiki. Nakili vyote kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha mwombe fundi, yuleyule aliyesema mfute, avinakili tena kwenye flashi. Flashi ikae ndani ya nyumba, si mfukoni mwa mtu. Mafaili hayo hayana jina la mama yako, yana tarehe na namba tu, kwa hiyo kaa na bibi jioni mbili tatu, mzisikilize, na uandike kwenye daftari ipi ni ipi. "Siku ya kwanza kupokea mshahara." "Alipokuwa na homa." Bibi atakuambia, anazijua zote kwa moyo.

Nakuharakisha kwa sababu ya kaseti moja. Baba yangu mdogo alifanya kazi bandarini Mombasa, na kila baada ya miezi kadhaa alirekodi salamu kwenye kaseti akampa dereva wa lori, ikafika kwetu Malaba imejaa vumbi. Nusu saa nzima, akituita mmoja mmoja kwa majina, akimuuliza mama kuhusu mguu wake, akiacha nafasi kana kwamba anamsubiri ajibu. Mama alijibu kweli, kwa sauti, akiiambia redio. Baba mdogo alifariki mwaka 1996. Mwaka uliofuata binamu yangu, mtoto tu, alirekodi muziki wa redioni juu ya kaseti hiyo. Bado ninayo. Unaanza muziki, unaendelea upande mzima, kisha unakatika, na pale mwishoni kabisa, ambapo mtoto alichoka akabonyeza kitufe, zimebaki sekunde kama tano hivi: "...na yule mdogo mwambieni namletea viatu." Yule mdogo ni mimi.

Anza na ile sauti ya kwanza kabisa, ya siku mama yako alipotua.